Tahadhari: Maji Yaliyochujwa Chumvi Yanakula Mabomba

Kabla hujaunganisha mashine ya kuchuja chumvi kwenye mabomba ya nyumba, shule, hoteli au zahanati yako, simama. Muulize fundi mambo mawili: maji yakishatoka kwenye mashine hii yatapita kwenye bomba la aina gani, na nani ameyapima? Kama bomba ni la chuma, koki ni za shaba za bei ya chini, na hakuna aliyepima kitu, usifungue valvu. Endelea kununua maji ya madumu kwa siku chache zaidi. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ile nitakayoieleza hapa.

Nasema kwa haraka kwa sababu jambo lenyewe linaenea haraka. Kwenye mwambao wetu visima vingi vinatoa maji ya chumvi, na kadiri pampu zinavyovuta ndivyo maji ya bahari yanavyosogea chini ya ardhi kujaza nafasi. Mashine za kuondoa chumvi, ambazo mafundi wanaziita RO, zamani zilikuwa za hoteli kubwa na viwanda vya maji ya chupa. Leo ziko kwenye vibanda vya kuuzia maji, kwenye majumba ya kupangisha, kwenye shule za bweni, kwenye zahanati. Anayeifunga anafurahi, na ana haki ya kufurahi: sabuni inatoa povu, chai ina ladha ya chai, nguo hazikakamai zikikauka. Muuzaji anachovya kipimo chake cha mkononi, namba inashuka kutoka 2,000 hadi 30, na namba hiyo inatolewa kama ushahidi kwamba maji sasa ni salama. Hapo ndipo kosa linapoanza. Namba ile inasema chumvi imepungua. Haisemi lolote kuhusu maji hayo yatafanya nini yakikutana na chuma, zinki, shaba, risasi au saruji.

Yatavila. Hiyo ndiyo habari yote, na iliyobaki ni kueleza kwa nini na nini kifanyike.

Mvua inaposhuka hunyonya hewa ya ukaa, ikawa chachu kidogo; pH yake huwa karibu 5.6, wakati maji yasiyo chachu wala chungu huwa 7. Ikiingia ardhini na kupita kwenye mawe ya matumbawe, uchachu huo unayeyusha chokaa. Maji yanachukua kalsiamu na bikaboneti mpaka yashibe. Ndiyo maana visima vya pwani vina maji magumu, na ndiyo maana birika la jikoni huota ukoko mweupe ndani. Wazee waliojenga mabirika ya misikiti ya Lamu na Mombasa kwa mawe ya matumbawe na kuyasiriba kwa chokaa walikuwa, kwa kujua au bila kujua, wanayapa maji ya mvua kitu cha kuyeyusha kabla hayajafika mahali pengine.

Kati ya maji yenye njaa na maji yaliyoshiba kupita kiasi kuna mahali pa usawa, ambapo maji hayayeyushi chokaa wala hayaiachi itue. Mwaka 1936 Wilfred Langelier, profesa wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, alichapisha njia ya kukokotoa mahali hapo. Unahitaji vipimo vitano tu: pH, joto, kalsiamu, alkali (yaani uwezo wa maji kuuzima uchachu), na jumla ya chumvi iliyoyeyuka. Jibu likiwa sifuri, maji yametulia. Likiwa juu ya sifuri, yataacha ukoko. Likiwa chini ya sifuri, yatakula.

Chukua mfano wa kisima cha pwani chenye kalsiamu 300 na alkali 300, zote zikihesabiwa kama miligramu za chokaa kwa lita, chumvi iliyoyeyuka 1,000, joto nyuzi 28, na pH 7.3. Hesabu ya Langelier inatoa takriban +0.3. Ni maji yanayoelekea kuacha ukoko kidogo, basi. Sasa yapitishe kwenye mashine, yatoke na kalsiamu 5, alkali 10, chumvi 30 na pH 6. Hesabu ileile inaanguka hadi karibu −4. Mhandisi wa maji akiona namba hiyo hawezi kukubali yaingie kwenye bomba la chuma hata kwa siku moja.

Sababu ya anguko hilo ni mbili zikishirikiana. Utando wa mashine unazuia kalsiamu na bikaboneti, lakini hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani ya maji inapenya bila kuguswa. Kwa hiyo maji yanapoteza kinga yake dhidi ya uchachu, huku uchachu wenyewe ukivuka pamoja nayo. Mashine yenyewe haina hasara, kwa kuwa mipira na vichujio vyake ni vya plastiki. Hasara inaanza pale fundi anapounganisha mpira wa mashine na bomba kuukuu la chuma lililomo ukutani.

Kuna watu wamekufa kwa kosa la namna hii, na ni lazima lisemwe waziwazi. Kisiwa cha Curaçao, katika bahari ya Karibi, hupata maji yake ya bomba kutoka baharini, yakiondolewa chumvi. Mwaka 1996 bomba la chuma lenye urefu wa kilomita 2.2 lilikandikwa saruji upande wa ndani ili lisile kutu. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini saruji iliyotumika ilikuwa na alumini nyingi, na maji yalikuwa na kalsiamu kidogo mno, hivyo yakaanza kuiyeyusha saruji. Mbele ya bomba hilo palikuwa na kituo cha kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Tumbo la mtu mwenye afya hunyonya alumini kidogo sana, na figo nzima huitoa hiyo iliyopita. Mgonjwa wa figo hana kinga hiyo: kila anapolazwa kwenye mashine, lita 120 au zaidi za maji hupita upande wa pili wa utando mwembamba unaogusa damu yake. Kituo kilikuwa na wagonjwa 27. Kumi walikufa kwa sumu ya alumini iliyoathiri ubongo.

Ninaomba kila mkuu wa hospitali iliyofungua au inayotaka kufungua huduma ya kusafisha damu alifikirie tukio hilo kwa makini. Vituo hivi vimeongezeka katika miji yetu, na ni jambo jema. Mgonjwa hasafiri tena kwenda mbali. Lakini kikomo cha alumini kwa maji ya huduma hiyo ni mikrogramu 10 kwa lita, na mtu hawezi kukijua kwa kuonja wala kwa kuangalia. Mamlaka ya maji ikibadilisha chanzo, ikikandika bomba saruji, au hospitali ikijenga tangi jipya la zege, mwenye mashine za kusafisha damu anapaswa kuambiwa kabla, na vipimo virudiwe kabla mgonjwa wa kwanza hajaunganishwa.

Sisi wengine, wenye figo nzima, hatari yetu kubwa ni risasi. Nazungumzia madini, yale yaliyokuwa yakitiwa kwenye rangi na petroli. Watu hudhani kwamba kwa kuwa kwetu hakuna mabomba ya risasi kama ya Ulaya na Marekani, basi risasi haituhusu. Inatuhusu. Imo ndani ya shaba ya koki na valvu nyingi za bei nafuu. Imo kwenye lehemu ya kuunganishia mabomba. Tabaka la zinki linalopakwa juu ya bomba la chuma huweza kuwa na risasi pia, na baadhi ya mabomba ya plastiki yasiyo na alama ya viwango hutengenezwa kwa viungo vyenye risasi. Maji magumu ya kisima yanaweza kupita humo miaka mingi bila kuchukua kiasi kikubwa, kwa sababu yameacha ukoko unaotenganisha maji na madini. Yabadilishe yawe maji matupu yenye uchachu, na ukoko ule unaanza kuyeyuka. Kilichokuwa kimefunikwa kinafunuka, na kilichokuwa kimenaswa ndani ya ukoko kwa miaka kinaachiliwa chote.

Hatari, basi, iko kwenye mabadiliko. Bomba ambalo halijawahi kuleta shida linaweza kuleta shida wiki ambayo maji yake yamebadilishwa, hata kama maji mapya ni bora kuliko ya zamani kwa kila kipimo cha chumvi.

Mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani, ulionyesha hilo kwa gharama ya watoto wake. Aprili 25, 2014 mji huo wa watu karibu 100,000 uliacha kununua maji ya Detroit, yaliyokuwa yakitiwa fosfeti ili kujenga utando wa kinga ndani ya mabomba, na kuanza kutumia maji ya mto wake bila kutia kinga yoyote ya kutu. Maji ya mto yalikuwa na kloridi nyingi zaidi, na kloridi huchochea kutu. Oktoba mwaka huohuo kiwanda cha injini cha General Motors kilikataa maji yale kwa sababu yalikuwa yanatia kutu vipuri. Watu waliendelea kuyanywa mwaka mwingine mzima, mpaka Oktoba 16, 2015. Wakati huo risasi ilikuwa imeingia majumbani, na daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha alikuwa ameonyesha kwamba idadi ya watoto wenye risasi nyingi damuni imepanda. Chuma kilichokuwa kinaliwa kilikuwa pia kinamaliza klorini ya kuulia vijidudu, na homa ya mapafu inayoletwa na bakteria wa Legionella ikaua watu wasiopungua 12.

Hili halikuwa fumbo. Glasgow, Scotland, ilikuwa ikipata maji laini mno ya ziwa Loch Katrine tangu 1859, na maji hayo yaliyeyusha risasi ya mabomba ya nyumba kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1978 wakaanza kutia chokaa kupandisha pH, na mwaka 1989 wakaongeza fosfeti. Risasi damuni mwa wakazi ikashuka. Dawa ilikuwa inajulikana miaka 36 kabla ya Flint kugeuza valvu.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha risasi katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, na papo hapo linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hunyonya mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichomeza, na inachoharibu kwake ni akili inayokua. Haina rangi. Haina harufu. Haina ladha. Na jambo moja ambalo kila mama na baba wa kwetu anapaswa kulijua leo: kuchemsha hakuiondoi. Tumefundishwa tangu utotoni kuchemsha maji, na mafunzo hayo yameokoa maisha mengi kwa sababu vijidudu hufa. Risasi haifi. Maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, risasi yote inabaki katika maji machache.

Madini mengine yanatoa dalili, nazo zisipuuzwe. Madoa ya kijani au bluu kwenye sinki na chini ya koki ni shaba inayoyeyuka. Maji ya asubuhi yenye rangi ya kutu, au chai inayogeuka nyeusi isivyo kawaida, ni chuma. Maji yenye ukungu mweupe na utando kama mafuta juu yake baada ya kulala kwenye bomba mara nyingi ni zinki. Ukiona lolote kati ya haya miezi michache baada ya kufunga mashine mpya, maji yako yanakula mfumo, na risasi inaweza kuwa inasafiri na wenzake bila kuonekana.

Wasomaji wa bara wasidhani hii ni habari ya pwani peke yake. Katika maeneo mengi ya miamba ya kale, Uganda ikiwemo, maji ya chini ya ardhi ni machachu kwa asili yake, bila mashine yoyote. Tangu miaka ya 1980 utafiti wa Otto Langenegger juu ya pampu za mkono Afrika Magharibi ulionyesha kwamba bomba la chuma lililopakwa zinki halifai pale ambapo pH iko chini ya 6.5. Bado mabomba hayo yaliendelea kushushwa visimani miaka na miaka. Matokeo yake yanajulikana vijijini: pampu mpya inatoa maji mazuri msimu mmoja, kisha yanakuwa mekundu, nguo nyeupe zinapata madoa, ndizi zikipikwa zinageuka rangi, na kina mama wanarudi kwenye bwawa wakiwa wameiacha pampu inayosukuma maji vizuri tu. Mwaka 2016 serikali ya Uganda ilitoa agizo la kusimamisha matumizi ya mabomba hayo kwenye pampu za mkono. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na ningependa kuona kila nchi jirani ikiufuata na kuusimamia. Njia nyingine ipo na imezaliwa hapahapa: pampu ya Afridev, ambayo sehemu kubwa ya majaribio yake ilifanyika Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, katika miaka ya 1980, hutumia bomba la plastiki.

Chuma kinachoonekana kinafukuza watu, lakini kisichoonekana kinawaacha waendelee kunywa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu mifumo ya maji vijijini Ghana, Mali na Niger ulikuta takriban asilimia 9 ya mifumo ikiwa na risasi juu ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na watafiti waliihusisha na vipuri vya shaba. Vipuri vya aina hiyo vinauzwa pia kwenye maduka yetu.

Sasa kuna upande wa pili, nao una haki ya kusikilizwa, kwa sababu ndio uliowafanya watu wakimbilie mashine. Maji magumu ni adha ya kweli. Yale ya mfano wetu wa kisima, yenye +0.3 yakiwa nyuzi 28, yakipashwa moto hadi nyuzi 60 ndani ya hita yanafika karibu +0.9. Chokaa inatua juu ya koili ya umeme, koili inashindwa kutoa joto lake, inaungua. Kwenye boila la kiwanda au la kufulia hospitalini, ukoko ni hatari zaidi ya gharama: bomba la ndani linalopaswa kupozwa na maji linakaa nyuma ya ukoko, linapata joto lisilostahimilika, linapasuka. Mwenye boila asiyepima maji yake kila siku ameweka hatari mahali watu wanapofanya kazi.

Lakini ukoko haukimbiwi kwa kuruka hadi ukingo wa pili. Boila lililopewa maji laini yenye oksijeni na pH ya chini linatobolewa vishimo badala ya kuota ukoko, na kishimo hakionekani mpaka mvuke utoke. Na ile tabia ya kumwaga asidi kwenye tangi au kwenye mabomba “kusafisha chumvi” ikome kabisa katika mfumo wa maji ya kunywa. Asidi haichagui. Inakula ukoko, inaendelea na chuma kilicho chini yake, na fundi anaondoka mchana akiwa amelipwa wakati mabomba yako yamebaki uchi.

Kinachotakiwa ni usawa, nao si mgumu kuufikia. Maji yanayotoka kwenye mashine yarudishiwe madini kabla ya kuingia kwenye bomba. Njia nyepesi kuliko zote ni kuyapitisha kwenye chombo kilichojazwa kokoto safi za mawe ya chokaa zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa. Uchachu unayeyusha chokaa, maji yanapata kalsiamu na alkali, pH inapanda, na uchachu ukiisha kazi inapungua yenyewe, kwa hiyo ni vigumu kuzidisha. Kokoto hupungua kadiri siku zinavyokwenda, ndiyo maana chombo kifunguliwe na kujazwa. Kilichoachwa miaka bila kuguswa hakina kazi tena. Wahandisi wengi hulenga kalsiamu na alkali zisizopungua miligramu 60 hivi kwa lita na pH kati ya 7.5 na 8.5, huku hesabu ya Langelier ikiwa sifuri au juu yake kidogo. Wengine huchanganya maji ya mashine na sehemu ndogo ya maji ya kisima. Inafaa, mradi maji hayo ya kisima yameuliwa vijidudu na kloridi yake haizidi, maana kloridi ikiwa nyingi chuma kitaliwa hata kama Langelier ameridhika. Flint ilitufundisha hilo.

Mtu atakayekushauri utie magadi, msikilize kwa tahadhari. Magadi yaliyosafishwa kiwandani kwa ajili ya maji hupandisha pH na alkali, ingawa hayaongezi kalsiamu, na yanatumika duniani kote. Mabonge ya magadi yanayouzwa sokoni kwa ajili ya kulainisha maharage ni kitu kingine. Magadi ghafi ya maziwa yetu ya Bonde la Ufa yanaweza kuwa na floridi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na, ikizidi kwa muda mrefu, kukakamaza mifupa. Usiyatie kwenye tangi la maji ya kunywa.

Kwa anayejenga upya, jibu ni rahisi zaidi: kuanzia kwenye mashine hadi kwenye koki ya jikoni tumia bomba la plastiki lenye alama ya viwango ya TBS au KEBS na lililoandikwa kuwa la maji ya kunywa, na dai koki isiyo na risasi. Usiunganishe shaba moja kwa moja na chuma kilichopakwa zinki. Vyuma viwili tofauti vikigusana ndani ya maji, kimoja hujitoa kafara. Wanaovuna maji ya mvua nao wajue kwamba maji yao hayana madini, kwa hiyo koki ya shaba chini ya tangi lao iko katika hali ileile.

Na wewe ambaye mashine imeshafungwa, maji yameshapita kwenye chuma, na watoto wameshakunywa? Fanya haya leo. Chukua maji ya kunywa na kupikia moja kwa moja kutoka kwenye mdomo wa mashine, kwenye chombo cha plastiki au cha kioo, kabla hayajagusa bomba la nyumba. Mahali ambapo hilo haliwezekani, asubuhi au baada ya bomba kulala kwa saa sita, fungua koki maji yatiririke dakika kadhaa, na hayo ya mwanzo yatumie kudeki au kumwagilia maua, si bustani ya mboga. Usitumie kamwe maji ya koki ya moto kupikia, kutengenezea uji wa mtoto au kukorogea maziwa ya kopo. Joto huharakisha uyeyushaji.

Kisha peleka sampuli maabara: kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, maabara ya ubora wa maji iliyo karibu nawe, au maabara nyingine inayotambuliwa. Omba chupa maalumu kutoka kwao. Chukua maji ya kwanza kabisa ya alfajiri, kabla ya mtu yeyote kufungua koki, kwa sababu hayo ndiyo yaliyolala na bomba. Taja risasi kwa jina unapojaza fomu, pamoja na shaba, zinki, chuma, pH, alkali na kalsiamu. Watu wengi huomba kipimo cha vijidudu na chumvi tu, wakarudi na karatasi inayosema maji ni safi wakati risasi haikutafutwa. Jibu la risasi likiwa juu ya mikrogramu 10 kwa lita, mpeleke mtoto hospitali umwambie daktari wazi kwamba unataka damu yake ipimwe risasi, na uwaambie majirani wanaochota kwenye tangi hilohilo siku hiyohiyo.